Kwato za punda wetu: tunakwepa elfu kumi tunakuja kulipa laki mbili

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, nakusalimu kwa Kigogo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kitu ambacho mimi kama msomaji wako wa miaka sijawahi kukiona kimeandikwa, nacho ni kwato za punda. Najua kuna watu wataona ni jambo dogo, ila huku kwetu Chamwino maji yanaletwa na punda, mahindi yanaenda mashineni na punda, masika njia ikikatika hata mgonjwa anapelekwa zahanati kwa mkokoteni wa punda, sasa huyo mnyama akishindwa kukanyaga chini nyumba nzima inasimama.

Nina punda wawili, jike na dume, na mkokoteni mmoja wa matairi ya gari dogo. Anayeendesha ni mdogo wangu wa kiume. Mwaka jana baada ya mavuno alipata kazi upande wa Ihumwa, kusomba mchanga na tofali kwenye nyumba zinazojengwa, maana tangu serikali ihamie Dodoma ujenzi upande ule haujasimama, na hela ilikuwa inaonekana kweli. Shida ni lami. Punda wetu wamezoea vumbi na mchanga, sasa huyu dume akawa anashinda kwenye lami na kokoto kutwa nzima na mzigo juu, baada ya mwezi kwato za mbele zimelika upande mmoja, mguu unakanyaga kama mtu aliyevaa kiatu kilichoisha soli upande wa nje.

Mdogo wangu akaambiwa na wenzake kule kijiweni kwamba dawa ni kumvalisha viatu vya chuma kama farasi. Wakampeleka kwa fundi wa kuchomelea, simlaumu sana yule fundi, yeye kazi yake ni mageti na madirisha na aliombwa kitu asichokijua. Akakunja nondo kwa kufuata umbo la kwato, akaigonga iwe bapa, akatoboa matundu manne, punda akaangushwa chini akafungwa miguu, halafu zikagongwa misumari ya kawaida ya inchi mbili ile ya kupaulia. Elfu ishirini kwa miguu miwili ya mbele. Siku ya kwanza alitembea, siku ya tatu akaanza kuchechemea, baada ya wiki mguu wa kulia haugusi ardhi kabisa na ukishika kwato kwa mkono unasikia moto. Mimi ndio nikaletewa nyumbani mnyama wa namna hiyo, usiku, amelala chini hataki hata pumba.

Bwana mifugo alikuja kesho yake. Akang'oa vile vyuma, msumari mmoja ulipotoka ukafuatwa na usaha mweusi wenye harufu ambayo sijaisahau mpaka leo. Msumari ulikuwa umeingia kwenye nyama. Akachimba kidogo pale chini ili usaha upate njia ya kutoka, akaosha, akachoma sindano, akatuambia tuwe tunauloweka ule mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi na tumuweke sehemu kavu. Akasema pia kitu kilichonishtua, kwamba kuna wanyama wachache sana wanaoshambuliwa na pepopunda kirahisi kama punda na farasi, na mlango wake mkubwa ni kidonda cha msumari kwenye kwato. Jina lenyewe la ugonjwa tunalitaja kila siku, pepopunda, tunawapeleka wajawazito wakachanjwe kliniki, ila sijawahi kusikia mtu hapa kijijini amemchanja punda, na chanjo yake ipo.

Punda alikaa wiki tisa bila kufanya kazi.

Katika hizo wiki tisa ndio nikamtafuta mtu anayejua kwato. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayekaa mjini, ujanani alifanya kazi Arusha kwenye mashamba ya wazungu waliokuwa na farasi, kukata kwato na kuvalisha viatu ndio ilikuwa kazi yake. Alikuja na mfuko wake, ndani kuna kisu kimepinda ncha, koleo kubwa la kukatia kwato na tupa ndefu. Akakaa na sisi karibu siku nzima, akamnyoosha dume kwato taratibu, afu akamkata kwato na jike ambaye sisi tulimuona mzima kabisa. Aliyotueleza siku ile ndio yamenifanya niandike barua hii, maana ninafuga punda tangu nimeolewa na sikuwa najua hata nusu yake.

Alisema kwato ni kama kucha yako, haisimami kukua, ya farasi inasogea kama milimita sita mpaka tisa kwa mwezi, na kutoka juu penye manyoya mpaka ifike chini inachukua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo ukiiharibu leo, hata ukitibu vizuri, mnyama ataibeba ile alama mpaka mwakani wakati kama huu. Farasi anakatwa kila baada ya wiki sita mpaka nane, punda anaweza kwenda mpaka wiki kumi kutegemea ardhi anayokanyaga na kazi anayofanya. Nikamuuliza mbona baba zetu hawakukata na punda walikuwepo. Akajibu punda wa zamani alikuwa anatembea mbali kwenye mawe na ardhi kavu, anazisaga mwenyewe na zinasagika sawasawa. Wa siku hizi ama anashinda amefungwa kamba kwenye mchanga uani, kwato inarefuka mpaka inainuka mbele kama ndala na mnyama anatembelea visigino, ama ndio hivo yupo kwenye lami, inalika kuliko inavyoota na inalika upande. Nilinyamaza maana nilikumbuka punda wa majirani zangu watatu wenye zile ndala, na wote tulikuwa tunasema wavivu.

Kuhusu viatu alinifundisha mengi na naomba wenye mikokoteni wa mjini wasome hapa kwa utulivu. Msumari wa kiatu cha farasi sio msumari wa dukani. Ncha yake imechongwa upande mmoja tu, ili ukigongwa uwe unajipinda kuelekea nje na kutokea ukutani mwa kwato, pale juu kidogo, halafu ile ncha inakatwa na kukunjwa. Msumari wa kupaulia hauna hiyo akili, unaenda moja kwa moja popote unapoelekezwa na ndani kuna nyama na damu. Ukuta wa kwato hauna maumivu ila ukishavuka ule mstari mweupe unaoonekana ukigeuza mguu, umeingia kwenye uhai wa mnyama. Jambo la pili, kwato ya punda ni nyembamba na imesimama wima kuliko ya farasi, kwa hiyo hata ukipata kiatu halisi cha farasi cha kununua hakimkai. La tatu ndio lilinishangaza zaidi, kiatu sio kitu cha kuvalisha ukasahau. Kwato inaendelea kuota juu ya chuma, kwa hiyo kila wiki sita mpaka nane kiatu kinavuliwa, kwato inakatwa, kinarudishwa au kinawekwa kipya, na ukikiacha kinaanza kubana na kuvunja ukuta. Yaani mwenye farasi analipia ile kazi mwaka mzima, mara sita mpaka nane, na kila mara ni chuma, misumari na ufundi wa mtu. Mwanangu alisoma kwenye simu kwamba Uingereza tangu mwaka 1975 kuna sheria kwamba asiyesajiliwa haruhusiwi kumvalisha farasi viatu, na kusomea ile kazi ni kama miaka minne. Sisi tulimpelekea fundi mageti.

Nikamuuliza sasa punda wangu avae au asivae. Akasema punda wengi wa kwetu hawahitaji kiatu kabisa, wanahitaji kukatwa kwa wakati na kupumzishwa lami, aliyebaki ambaye kazi yake ni lami tu kutwa nzima mwaka mzima huyo ndio wa kufikiriwa, na afanye mtu anayejua. Kuna wanaokata tairi na kumfunga punda kama katambuga, nimewaona hata kule Ihumwa, mzee akasema ikifungwa kwa kamba inachubua mguu na tope linajaa ndani, kwato inakaa na unyevu masaa yote inaanza kuoza. Na oil chafu tunayopaka kila kidonda aliikataa, alisema inafungia uchafu ndani.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndio kinachofanya watu wakatae, na mimi sitaki kudanganya kwamba ni bure.

Mzee anachukua elfu kumi kwa punda mmoja, miguu yote minne. Usafiri wake wa bodaboda kutoka mjini kuja kwetu na kurudi ni elfu kumi na tano. Ukimuita kwa punda mmoja umelipa elfu ishirini na tano, na hapo ndipo majirani wananiambia mama wewe una hela za kuchezea. Ila tulipojikusanya mara ya pili tukawa na punda kumi, ile nauli ikagawanyika, kila punda akatoka kwa 11,500. Tofauti yote ipo kwenye nauli tu, ujuzi wenyewe sio ghali, ghali ni kwamba upo mbali. Kwa mwaka nikimuita mara sita, punda mmoja anakula 69,000 na wote wawili 138,000. Sio hela ndogo kwa mtu anayesubiri alizeti auze.

Lakini nikaweka hesabu ya yule aliyechomwa misumari. Nyumbani tunatumia madumu kumi ya lita ishirini kwa siku, sisi na mbuzi na kibanda changu cha chai. Kioski dumu ni shilingi 50, tunaleta yote kwa mkokoteni kwa safari moja. Dume alipoumwa mkokoteni ulisimama, jike akawa anabeba mgongoni madumu mawili mawili, safari mbili asubuhi, hayo manne, sita yaliyobaki tukawa tunanunua ya kuletewa na bodaboda kwa 500 kila moja. Tofauti ni 450 kwa dumu, 2,700 kwa siku, siku sitini na tatu ni 170,100. Weka na daktari na dawa 60,000, weka na ile 20,000 ya nondo. Jumla 250,100 na hapo sijagusa hela ya tofali ambayo mdogo wangu hakuipata wiki zote hizo, wala madaftari ya mwanangu yaliyosubiri. Kwa mguu mmoja wa mnyama mmoja. Hela hiyo ingemkata kwato kwa zaidi ya miaka mitatu.

Na niseme la madumu, maana nimewaona watu wanapakia manne mgongoni kwa punda mmoja. Lita moja ni kilo moja, manne ni kilo themanini, punda wetu hawa wadogo uzito wake mwenyewe hauzidi sana mara mbili ya hapo. Kwato ndefu ukiibebesha kilo themanini inapasuka, huo ufa unapanda juu na mchanga unaingia. Mawili yanatosha. Watu wanasema punda afe mzigo ufike, mimi nimekaa wiki tisa nikaona punda hajafa hata, ameumwa mguu tu, na mzigo haukufika.

Ninachoomba kwa viongozi wetu ni hiki. Ng'ombe ana josho, mbuzi ana chanjo ya sotoka, mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo nchi nzima, ng'ombe homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri, na tunashukuru kwa hilo, nami kuku wangu walichanjwa. Punda kwenye orodha hayumo. Bwana mifugo wetu ni mtu mwema na alikuja haraka, ila alikiri mwenyewe kwamba koleo la kwato hana na chuoni somo la punda lilipita kwa siku moja. Mpwapwa hapo tuna kampasi ya LITA, yaani Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ipo ndani ya mkoa wetu, sioni kwa nini isiandae kozi fupi ya wiki mbili tatu ya kukata kwato tu kwa vijana wawili kutoka kila kata, na wa wilaya za Bahi, Chemba, Kondoa na Kongwa pia, wote hao wanaishi na punda. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kijana mmoja akipewa mkopo wa kisu, koleo na tupa ana kazi ya maisha, hahitaji fremu wala umeme. Na siku yake ya kazi ipo tayari, siku ya mnada. Msalato wanakusanyika watu na wanyama, na kila wilaya ina minada yake, akikaa pale pembeni penye kivuli punda watamfuata wao na nauli inaondoka kwenye hesabu kabisa. Hapo elfu kumi inaweza kushuka hata elfu tano na watu wakakata.

Wizara pia ijue punda hawa sio wengi kama zamani. Hapa Dodoma penyewe palikuwa na machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi, punda waliibiwa usiku mazizini na bei ikapanda mpaka mtu wa kawaida akashindwa kununua. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima, jambo jema sana, nililia kwa furaha nikisikia redioni. Ila punda aliyeokolewa kisu halafu anatembelea visigino tumemsaidia nusu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, sitaki itumike kumkamata mdogo wangu na wenzake wa mikokoteni, hawa ni vijana wanaotafuta riziki na hakuna aliyewahi kuwaonyesha, nataka wafundishwe kwanza.

Kwa wafugaji wenzangu ambao fundi hayupo karibu, kuna ya kufanya nyumbani yasiyo na gharama na mimi nayafanya kila jioni. Inua mguu mmoja mmoja, toa vijiwe na tope kwa kijiti, kuna ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya unyayo, pembeni yake kuna mifereji, hapo ndipo uchafu unajificha na masika panaanza kuoza, utajua kwa harufu. Shika kwato kwa kiganja, moja ikiwa ya moto kuliko nyingine usimfunge mkokoteni siku hiyo, ita mtu. Zizi lisilale tope na mavi, mwagia mchanga au changarawe sehemu anayosimama, kwetu mvua ni miezi michache tu Desemba mpaka Aprili hivyo haiwezi kutushinda. Usimjaze pumba na mahindi ukidhani unamlipa kwa kazi, punda akila nafaka nyingi anaweza kupata uvimbe ndani ya kwato za miguu, akasimama kama anakanyaga makaa, mwache ale majani makavu na mabua. Na umzoeshe kuinuliwa miguu tangu mtoto, kihongwe wa jirani yangu anainua mwenyewe ukimgusa goti, wakati dume langu mpaka leo akisikia chuma kinagonga chuma anatetemeka mwili mzima. Hilo linaniuma kuliko ile laki mbili na nusu.

Anatembea sasa, kazi za lami tumeziacha, mdogo wangu anabeba tofali za njia za vumbi tu na kipato kimepungua lakini kipo. Pale msumari ulipoingia bado kuna mstari kwenye ukuta wa kwato, kila mwezi naupima kwa kucha yangu ya kidole naona umeshuka kidogo, mzee anasema ukifika chini ataukata na tupa utaisha. Wiki ya nane inatimia Jumamosi hii, tumeshajiandikisha kaya saba na punda kumi na wanne, aliye karibu na Buigiri anayetaka kuongeza wake aje asubuhi mapema kabla jua halijakuwa kali, nauli tutagawana.

Wako,
Mama mfugaji wa punda,
Buigiri, Chamwino